Nilitaka kuandika wosia kimyakimya, majirani wakaja na ndizi za msiba

Wakuu, habari za humu ndani.

Na nyie akina mama mnaosoma kila siku bila kuchangia neno, nawasalimu pia. Nimekuwa mmoja wenu muda mrefu. Leo nimeamua kutoka mafichoni.

Nitakayoyaeleza yamenikuta mimi mwenyewe, nyumbani kwangu. Majina ya watu nimebadilisha kwa sababu wanangu nao wana simu. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, na pale nilipoonekana mjinga nimejiacha hivyohivyo.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na kitu, hicho kitu niachieni mwenyewe. Naishi Kibosho. Kabla ya kustaafu nilikuwa matroni wa shule ya bweni, kwa hiyo kupanga watu, nani alale wapi na nani anyamaze saa ngapi, ni kazi niliyoizoea. Likumbukeni hilo, litawasaidia kuelewa nilivyoharibu.

Nina watoto watatu, wote watu wazima. Wa kwanza ni Prosper, yuko Dar na familia yake. Wa pili ni Felista. Wa mwisho ni Kalisti, kijana wa Mwanza kikazi, bado hajaoa, na hilo nalo ni uzi wake.

Felista aliolewa Rombo. Hakujaliwa mtoto, na wakwe zake wakahakikisha halisahau hilo hata siku moja. Mwisho akarudi nyumbani na begi moja. Baba yake alimpokea getini, hakumuuliza chochote, akamwambia, "Ng'ombe hajala." Ndivyo alivyokuwa yule mzee. Upole wake wote aliutoa kwa njia ya kazi.

Tangu siku hiyo Felista ndiye mtu wa nyumbani. Alimuuguza baba yake mpaka mwisho. Ng'ombe ni yeye, migomba ni yeye, na mgongo wangu ukikataa, ni yeye.

Kitu kimoja tu tulikuwa tunagombana naye. Ana mkono mzuri sana wa shamba, lakini alikuwa hapandi mti. Maharage, mnafu, viazi, hayo atapanda mpaka umwambie basi. Ukimletea miche ya parachichi, ambayo siku hizi kila mtu huku anaikimbilia, anaigawa kwa majirani. Mara ya mwisho aligawa miche yangu yote ya kahawa niliyoifuata mwenyewe kwa miguu.

Nilikuwa namwita mvivu wa kungoja. Alikuwa anacheka tu, anaendelea na maharage yake.

Sasa kwa wasio wa huku, ngoja niwaeleze kihamba. Kihamba ni shamba la ukoo lenye nyumba ya wazazi, migomba, kahawa na makaburi yenu. Msikichanganye na kiwanja. Kiwanja unauza ukapata kingine. Kwenye kihamba baba mkwe wako amelala humo, mama mkwe humo, mumeo humo, utauzaje?

Na mila yetu iko wazi. Mtoto wa kwanza wa kiume hukatiwa sehemu yake mapema akioa. Prosper alikatiwa yake kule juu na amejenga. Mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Watoto wa kike huolewa. Akiolewa akarudi, mila inakohoa kidogo na kutazama pembeni.

Kilichonifanya nifikirie wosia ni jirani yetu mmoja, Mungu amrehemu. Alifariki bila kusema lolote, watoto wake wakaanza kuvutana kabla hata matanga hayajaisha. Leo ukipita pale kuna ukuta wa matofali umekatiza katikati ya migomba. Ndugu wa tumbo moja wanasikilizana wakipika lakini hawaonani.

Nikasema mimi sitaacha ukuta.

Basi nikakaa na chai yangu nikapanga kila kitu kichwani, kama nilivyokuwa napanga mabweni. Kihamba kiende kwa Kalisti, kama mila inavyotaka. Felista apate vyumba vyangu vya Majengo, kule mjini, ambavyo nilivinunua kwa kiinua mgongo changu na vina wapangaji wa uhakika. Prosper ameshapata chake. Kila mtu ana kitu mkononi, hakuna wa kulia.

Wakuu, nilijiona hakimu wa mahakama ya rufaa.

Wazo la kumuuliza Felista halikunijia kabisa. Tulikuwa tunalala nyumba moja na tunakula sufuria moja, nikaona kumuuliza ni kumpa presha bure.

Nikateremka mjini kwenye ofisi moja ya msaada wa sheria. Wakili alikuwa binti wa umri wa wanafunzi wangu. Akanipa shikamoo na kiti, akauliza nina shida gani. Nikamwambia nataka kuandika wosia, kila kitu nimeshapanga, yeye aandike tu nitie sahihi niwahi gari.

Akaniuliza, "Mama, hicho kihamba ni cha nani?"

"Cha mume wangu."

"Na mzee yuko wapi?"

"Yuko nyuma ya nyumba, chini ya migomba."

Akaweka kalamu chini. Nadhani alikuwa anajizuia kucheka, na alijizuia vizuri, mzazi wake amemlea.

Kumbe kosa ni hili, na nawaambia wajane wenzangu kwa herufi kubwa: MIRATHI YA MUME WANGU HAIJAWAHI KUFUNGULIWA. Tulizika, tukamaliza matanga, tukagawa nguo zake, nikaendelea kuishi. Kwa macho ya sheria kihamba bado ni cha marehemu. Nilikuwa naenda kurithisha kitu ambacho hata mimi sijakirithi.

Akanieleza taratibu. Kwanza familia ikae kikao ichague msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao uende mahakama ya mwanzo. Huko ndiko kihamba kitakapogawiwa. Wosia wangu mimi uongelee vilivyo vyangu, yaani vyumba vya Majengo, ng'ombe, vyombo, na nizikwe wapi. Kwa mila zetu mashahidi wawepo wa ukoo na asiye wa ukoo, na anayerithi asishuhudie, maana huko ni kujitafutia kesi.

Nilipokuwa nainuka akasema, "Mama, waambie watoto mwenyewe ukiwa hai. Karatasi haijibu maswali."

Nikapitia Majengo kuchukua kodi. Kuna mpangaji wangu pale, fundi cherehani, Mwislamu, mtu wa maneno. Nikamsimulia, nikamwambia nyie mna raha, kwenu mafungu ya mirathi yameandikwa tangu zamani, kila mtu analijua lake. Akasema, "Kweli, mama. Na bado tunagombana. Ila sisi tunajua tunachogombania."

Nimefika nyumbani, nikawapigia simu vijana wawili. Hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili ni la kimatroni kabisa.

Nilimwambia Prosper, "Njoo nyumbani Ijumaa ijayo, kuna jambo."

"Jambo gani, Mama?"

"La kuzungumza hapa."

Nikakata. Kalisti naye hivyohivyo.

Wakuu, huo ulikuwa mwezi wa sita.

Mchaga mnamjua anapanda mlimani mwezi gani. Desemba magari yamebanana mpaka kwenye migomba, kila mtu yuko kwao. Lakini mwezi wa sita, baridi na ukungu, shule zinaendelea, kazi zinaendelea, ukiona gari la Dar linapanda Kibosho, kuna mtu amekufa au yuko njiani.

Prosper alifika Ijumaa mchana. Amepita njia panda ya parokia bila kushusha kioo wala kumpungia mtu, mwenyewe anasema alikuwa amechoka na barabara. Baada ya muda Kalisti naye akapita kwa bodaboda, kofia ya baridi imemshuka mpaka machoni. Watu wa njia panda wakaunganisha. Wa kwanza amekuja, wa mwisho amekuja, hawasalimii, na Mama Prosper aliteremka mjini juzi akarudi kimya.

Basi. Nikawa nimekufa.

Jioni ile Felista alikuwa amekwenda mashineni kusaga, mimi niko bandani nakamua. Nikasikia kilio getini. Alikuwa Mama Anselmi, mwenzangu wa jumuiya na rafiki yangu wa siku nyingi, amebeba mkungu wa ndizi kichwani, analia, "Mama Prosper, umetuacha na nani!" Nyuma yake akina mama wengine wana kuni na madumu ya maziwa.

Nikatoka na ndoo yangu mkononi, nikasema, "Karibuni."

Mkungu ulianguka upande wake na Mama Anselmi upande wake, kwenye maharage ya Felista. Mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mwingine, mtu wa vitendo, akauliza, "Sasa ni nani aliyekufa?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyebeba kuni kutoka mbali.

Hatujakaa sawa, kirikuu, kile kigari cha mizigo, kikaingia na viti vya plastiki. Wanangu wametoka nje, wamesimama kibarazani hawajui wacheke au wakimbie. Na nyuma ya kirikuu akaja shemeji yangu Aloisi, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu na mkuu wa ukoo kwa sasa, amevaa koti lake la misibani, fimbo mkononi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Kumbe unasalimia."

Ikabidi niseme. Palepale uani, mbele ya akina mama na viti, nikasema sijafa, nimewaita watoto tufungue mirathi ya baba yao na mimi niandike wosia wangu. Shemeji akasema mjane akiita watoto mwezi wa sita ukoo nao una masikio, kwa hiyo kesho asubuhi tutakaa wote. Akina mama wakasema ndizi zilizokwisha kutoka nyumbani hazirudi, wakawasha moto. Tulikula msiba wangu mpaka tukashiba, na nakiri ulipikwa vizuri.

Kwa hiyo siri yangu ya kimyakimya iliishia hapo.

Asubuhi tukakaa kwenye viti vilevile. Mimi, wanangu, shemeji, na Mama Anselmi aliyekataa katakata kwenda kwake. Alisema ameanguka hapa na hataondoka bila kujua aliangukia nini.

Nikaeleza mpango wangu wote. Mimi niwe msimamizi wa mirathi. Kihamba kwa Kalisti, vyumba vya Majengo kwa Felista, Prosper abaki na chake. Prosper akatikisa kichwa kukubali. Shemeji akafurahi, akasema nimenena kama wazee walivyonena. Kalisti alikuwa anatazama viatu vyake, nikadhani ni unyenyekevu.

Nikauliza kama kuna mwenye neno, huku nimeshaanza kuinuka.

Felista alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameshika sufuria ya mtori kwa mikono miwili.

Akasema, "Mama, nina swali moja tu."

"Uliza."

"Mimi mtanizika wapi?"

Prosper akasema, "Felista, mbona unaleta habari za kufa?"

"Si ndizo tulizoitiwa?" Hakupandisha sauti hata kidogo. "Mama atalala pembeni ya Baba. Wewe una kwako kule juu. Kalisti ana hapa. Majengo nashukuru, Mama, ni vyumba vizuri, vina kodi. Lakini mtu hazikwi kwenye vyumba vya kupangisha. Mtaniweka uani, wapangaji waanike nguo juu yangu?"

Kalisti akasema, "Dada, utazikwa hapa. Nani atakukatalia?"

"Wewe hutanikatalia. Lakini nawe utaoa, na watakuwepo wenye maneno, na mimi nitakuwa mochwari siwezi kujibu. Sitaki mnifanyie kikao nikiwa pale. Shangazi Maria walimfanyia."

Hapo shemeji yangu akainamisha kichwa.

Inabidi niwarudishe nyuma kidogo. Maria alikuwa dada yao, yeye Aloisi na mume wangu. Naye aliolewa akarudi. Alipofariki, kule alikoolewa walisema alishaondoka mwenyewe, si mtu wao. Huku kwao Aloisi akasema, "Tumekula mahari yake, hatuwezi kumzika kwetu." Mume wangu alikuwa tayari kumzika humu kwenye kihamba, lakini alikuwa mdogo, na mdogo hapingi. Siku zikapita mwili uko mochwari, mpaka padri akaona aibu kwa niaba yetu, akatoa nafasi kwenye makaburi ya parokia.

Felista alikuwa bado shule ya msingi. Tukirudi kutoka kuzika alimuuliza baba yake kwa nini shangazi haji kulala kwa bibi na babu. Baba yake hakumjibu. Nami nilimwambia, "Nyamaza, utembee." Nilidhani amesahau, watoto si husahau.

Kumbe alitembea na swali lile miaka yote hiyo, akaenda nalo Rombo, akarudi nalo. Alikuwa anamuuguza baba yake, anakamua, ananikanda mgongo, anajiuliza. Na mimi mama yake nilikuwa nimempangia kodi ya nyumba.

Niliona aibu, wakuu. Aibu ya kweli, mbele ya watoto wangu.

Shemeji akainuka. Akachukua fimbo yake, akatoka, akapotea kwenye migomba. Tukajua amekasirika amekwenda zake. Prosper akaanza kunong'ona kwamba sasa tumeuharibu ukoo, Mama Anselmi akamwambia anyamaze.

Mzee alirudi ameshika jani la sale.

Kwa wasiojua, sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu, unamletea jani lake kuomba msamaha, na akishaletewa, mila haimruhusu kukataa. Mwenye umri kama wa shemeji yangu haendi nalo kwa watu hovyo, na kwa mtoto wa kike aliyerudi nyumbani, sijawahi kuona.

Akasimama mbele ya Felista. Akasema, "Nilimkosea Maria. Maria hayupo wa kupokea. Pokea wewe."

Felista alikuwa bado ameshika sufuria, hana mkono wa kupokelea. Mama Anselmi akainuka akaichukua. Felista akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti, na mzee naye akawa anajaribu kumwinua huku magoti yake mwenyewe hayamsaidii.

Nililia. Matroni mzima, nililia kwa sauti, na safari hii majirani wangekuja na ndizi nisingewalaumu.

Tulipotulia Kalisti akaomba neno.

"Baba mkubwa, mila inasema hapa ni pangu, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi kama ni pangu, naweza kugawa. Kuanzia ule mfereji wa katikati ya shamba kwenda juu, nyumba na makaburi, kiwe cha Felista. Mimi nichukue chini ya mfereji, kwenye kahawa. Nikija Desemba nitapata kitanda?"

Felista akamjibu huku anafuta machozi, "Utapata. Ukileta sukari."

Shemeji akawa anachorachora chini kwa fimbo yake. Msidhani jani moja linageuza mzee akawa mtu mwingine. Alikuwa anaumia, ilionekana. Mwisho akasema hana kipingamizi, ila kwa sharti moja, Felista asije akauza kwa mtu wa nje ya ukoo.

Felista akasema, "Baba mkubwa, nikiuza nitazikwa wapi?"

Mzee akacheka kwanza, ndipo sisi wengine tukapata ruhusa ya kucheka.

Mengine ni makaratasi. Tuliandika muhtasari tukasaini wote. Mahakama ikanithibitisha kuwa msimamizi, baada ya safari nyingi na njoo kesho kadhaa, na kihamba kikagawiwa kama tulivyokubaliana. Ndipo nikarudi kwa wakili wangu kuandika wosia, nimefuatana na shemeji kama shahidi wa ukoo na Mama Anselmi kama asiye wa ukoo. Vyumba vya Majengo nimewaachia wote watatu, na ng'ombe ni wa Felista, maana mtu mwingine hamkubali.

Mstari wa kwanza nilitaka usomeke hivi: binti yangu Felista, popote atakapofia, azikwe nyumbani, pembeni ya baba yake, upande ule mwingine.

Wakili akaniambia kwa upole, "Mama, wosia wako ni juu yako na vitu vyako. Hauwezi kuamuru maziko ya mtu mwingine."

Nikamwambia, "Andika."

Akaandika.

Sasa nimalizie na hili, ndilo lililonifanya nishike simu asubuhi hii.

Mvua za vuli zilipoanza, niliamka nikatoka na chai yangu, nikamkuta Felista anachimba mashimo juu ya mfereji. Amevaa buti za baba yake. Pembeni yake kuna miche, ya parachichi na ya kahawa, imepangwa vizuri kwenye kivuli.

Nikamuuliza, "Leo mvivu wa kungoja ameamkaje?"

Akaegemea jembe. Akasema, "Mama, mtu aliyeazimwa shamba hapandi mti. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Ni kweli, niliwafundisha mimi. Huku ukimwazima jirani kipande cha shamba unamwambia apande maharage, apande viazi, mti asipande, kwa sababu mti ni kusema hapa ni pangu. Nililisema hilo mara nyingi mbele ya wanangu, kila tulipomwazima mtu.

Miaka yote ile alikuwa anapanda maharage nyumbani kwao kama mtu aliyeazimwa, na mimi napita pembeni yake namwita mvivu.

Niliweka kikombe chini nikamshikia mche akiufukia. Nikamuuliza utazaa lini, akasema miaka mitatu, labda minne. Alisema hivyo kwa furaha, kama vile ni kesho.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba wosia unaanzia kwenye kuuliza kabla ya kuandika. Nilijua vizuri kila mwanangu apate nini, sikujua mmoja wao anaogopa nini. Wajane wenzangu, fungueni mirathi ya wenzenu, msifikiri kukaa kwenye nyumba ni kuwa nayo. Na ukiita watoto mwezi wa sita, waambie sababu kwenye simu hiyohiyo, kama hutaki kuzikwa kabla ya siku zako.

Najua humu wapo watakaosema nimevunja mila, na wapo wanasheria watakaosema kuna mahali nimekosea. Karibuni wote, nasoma kila kitu, na sinuni haraka.

Ila kabla hujaandika, wewe mwenye dada aliyerudi nyumbani, mpigie simu aliye jirani naye umuulize dada yako amepanda nini shambani. Kama ni maharage tu miaka yote, njoo hapa tuzungumze.